Utingo wa Ndege

Benchi la Soli, fundi viatu, lina sheria moja: anayeshindwa hoja ndiye anayemimina kahawa, naye hujimiminia mwisho. Klachi, dereva wa lori mstaafu, hajawahi kuligusa birika. Jioni hiyo Soli alishona kiatu kilekile mara mbili bila kujua. Binti yake alikuwa kwenye safari yake ya kwanza na abiria, akiwa rubani msaidizi, na baba mtu alishautangazia mtaa mzima. Moyo ulikuwa juujuu hata kabla Klachi hajafungua mdomo.

— Rubani msaidizi ni utingo tu, fundi. Usijidanganye.

— Utingo gani anafanya mitihani ya injini na hali ya hewa? Daktari kampima mpaka masikio!

— Chanda chema huvikwa pete, alidakia Wembe, kinyozi wa jirani. Ndiyo maana ya masikio.

Hakuna aliyemwelewa, ila walitikisa vichwa kukubali.

— Na kile chumba cha mazoezi, Soli aliendelea, kinachoigiza ndege? Humo injini inazimwa makusudi, na yeye anatua.

— Chumba chenyewe kinaruka? aliuliza Klachi.

— Hakiruki.

— Basi hiyo ni nyumba. Hata mimi natua sebuleni kwangu kila siku.

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Soli naye alicheka, lakini maneno yalimchoma.

— Kapteni na msaidizi hawali chakula kimoja, eti wasije wakaugua wote, Wembe alinong'ona. Wanasomea uchoyo mwaka mzima.

— Wangesomea jiwe, alisema Klachi. Lori langu likisimama mlimani, utingo anaruka, jiwe nyuma ya tairi. Sasa huko juu jiwe analiweka wapi?

— Kwenye wingu zito, alijibu Wembe. Lile jeusi.

Wakiwa bado wanashika mbavu, binti akatokea na sanduku lake, shati jeupe, mistari mabegani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Soli aliogopa kuuliza, akauliza. Leo nani karusha?

— Kwenda alirusha kapteni, baba, mimi nikamsaidia. Kurudi nimerusha mimi.

— Na kapteni je? alidakia Klachi. Alikuwa anafanya nini?

— Alikuwa ananisaidia.

Sindano ilimponyoka Soli. Alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Binti akamgeukia Klachi.

— Baba mdogo, wewe ulipougua njiani, lori alirudisha nani?

Klachi akakuna kidevu. Akamtazama Wembe, Wembe akatazama mawingu. Mwishowe Klachi akainuka taratibu, akalishika birika, akaanza na kikombe cha fundi. Alipofikia chake, lilitoka tone moja.