Pima Tena na Sakafu Iliyozama

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, Mungu akitujalia uzima, fundi wetu wa kunyoosha magurudumu atatimiza miaka thelathini na nne katika gereji hii na kustaafu rasmi. Kwenye mafaili ya ofisi ana jina refu. Sisi huku, na wateja, na hata mkewe akipiga simu kumuulizia, tunamwita Pima Tena. Jina alijipa mwenyewe bila kujua, maana hajawahi kupokea kazi mkononi mwa mtu bila kutamka maneno hayo mawili.

Mimi ni karani wa mapokezi. Nimekaa naye mlango kwa mlango miaka kumi na tisa. Shule yangu ni ndogo, na kuandika habari za mtu mzima ni mzigo, lakini wenzangu walinisukuma nami nikamwomba Mungu anipe maneno ya kweli.

Alianza hapa na ufagio, akapanda hadi matairi, kisha kunyoosha magurudumu. Enzi hizo ilikuwa kazi ya uzi na rula: unavuta uzi ubavuni mwa gari toka nyuma hadi mbele, unapima, unalegeza, unakaza. Mashine yenye kioo ilipoletwa, wengine walishangilia. Yeye aliendelea kuvuta uzi wake miezi miwili, akiihoji mashine kama mkwe anayemhoji mchumba, mpaka aliporidhika kwamba haisemi uongo.

Halafu zikaja zile shokapu ambazo springi imevaa juu yake, na chini ya springi kuna kola unayoizungusha kwa spana kupandisha au kushusha gari. Wenye nazo wanaziita koilova. Watu walizifunga nyumbani, gari likashuka likapendeza, kisha wakaja kwetu wakilia kwamba linakata kona vizuri upande mmoja tu, ule mwingine linabisha. Pima Tena aliwaeleza hivi: meza yenye mguu mmoja mfupi haianguki, inacheza. Miguu miwili ya mshazari inabeba chakula chote, na ile mingine imekuja kula tu. Ndivyo lilivyozaliwa banda la mizani, ambapo kila gurudumu linakalia mzani wake, na kwenye kiti cha dereva tunapanga mifuko ya mchanga yenye uzito wa mwenye gari.

Hapo kwenye mifuko tulicheka sana. Bwana mmoja alitaja kilo sabini bila kupepesa macho. Mkewe, aliyekuwa amekaa benchi la wageni, akamuuliza, "Sabini za siku ya harusi au za leo?" Fundi aliongeza mfuko na nusu.

Sasa niseme la mwaka huu, ambalo lilitunyima raha. Mwenye gereji, mama asiyependa maneno mengi, alitangaza kwamba Pima Tena akiondoka banda la mizani litafungwa, pawe mahali pa kuoshea magari. Alisema ujuzi uliomo kichwani mwa mtu mmoja hustaafu naye. Fundi aliomba nafasi moja. Dada wa Matairi, mama wa watoto wawili aliyebadilisha matairi yetu miaka kumi na miwili, na ambaye kwa miaka mitatu amekuwa akijifunza kwake, apewe gari alifanye mwanzo hadi mwisho mbele ya mwenye gereji. Akiweza, banda libaki. Yeye fundi hatagusa kitu wala kufungua mdomo.

Gari lenyewe lilikuwa la mwalimu wa hesabu. Alifunga koilova mwenyewe, akapima kwa rula pande zote nne zikawa sawa hadi milimita, lakini akipiga breki kwenye mvua gurudumu la mbele kulia linajifunga na kuteleza. Aliapa kwamba hesabu zake hazina kosa. "Hesabu hazina kosa, mwalimu," fundi alimwambia. "Gari ndilo halijasoma."

Siku ilipofika tulisimama wote. Dada wa Matairi hakugusa gari. Aliondoa mizani yote minne, akachukua ndoo ya maji, akaimwaga sakafuni. Nilidhani hofu imempanda kichwani. Lakini maji yalitembea polepole, yakaenda kusimama pamoja, palepale panapokaa mzani wa nyuma kushoto, ambapo miezi minane iliyopita mafundi bomba walichimba na kufukia upya. Akaleta ule mpira mwembamba wa maji ambao waashi hupimia usawa wa ukuta. Pale palikuwa pamezama milimita sita.

Mnaojua kazi hii mnaelewa maana yake. Mzani mmoja ukiwa chini, mizani yote minne inadanganya. Kwa hiyo kila gari lililopimwa pale tangu bomba litengenezwe lilipimwa vibaya, na aliyepima ni Pima Tena.

Dada alinieleza baadaye kwamba aliliona lile dimbwi Jumamosi akipiga deki. Akinyamaza, atapima uongo na banda litamfia mkononi. Akisema, anamvunjia heshima aliyemfundisha, wiki tatu kabla ya kuagwa. Alichagua kusema. "Baba, nisamehe," alimwambia. "Sakafu imezama."

Nilisoma dua kimoyomoyo, kwa sababu namjua mzee na usahihi wake. Alikuja taratibu, akapiga magoti, akavaa miwani, akatazama maji kwenye ncha zote mbili za mpira. Kisha akavunja ahadi yake ya kunyamaza. "Pima tena."

Dada akapima tena. Sita.

Mzee akainuka, akavua kofia, akamgeukia mwenye gereji. "Nimekosea miezi minane. Magari yote ya tangu wakati huo yarudi. Kosa ni langu, sakafu haina mdomo." Halafu akamwambia Dada, "Endelea, mwanangu," akarudi ukutani.

Akaendelea. Alikata vipande vya bati, akavipanga chini ya ule mzani mpaka maji ya mpira yakakubaliana. Akajaza upepo wa matairi, akapanga mifuko ya mwalimu, akafungua viungo vya stabilaiza, kile chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ili kisihamishe uzito kutoka upande huu kwenda ule. Mshazari mmoja ulibeba kilo 630, wa pili 550. Akazungusha kola kidogo hapa, kidogo kule, akalisukuma gari mbele na nyuma ili springi zitulie, akapima, akarudia. Mara ya tano ikasoma 591 kwa 589. Ndipo akafunga viungo na kuanza kunyoosha magurudumu, kwa kuwa kimo kikibadilika na uelekeo wa magurudumu unahama. Tukalowesha uwanja, mwalimu akakimbiza gari na kukanyaga breki. Lilisimama limenyooka kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Mwalimu alishuka akiomba ile karatasi ya vipimo akaisahihishe nyumbani.

Mwenye gereji alimtazama Dada, akaitazama ndoo. "Banda libaki," alisema, akarudi ofisini kwake.

Magari ya kurudishwa yalikuwa kumi na moja. Pima Tena alipiga simu zote mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kiti changu, na kila mtu alimwambia vilevile: nilikosea, naomba uje. Dereva mmoja alijibu kwamba alihisi gari linavuta, ila alidhani ni uzee wake mwenyewe. Ninapoandika haya, tisa yamekwisha kurekebishwa. Yaliyobaki yatamkuta Dada.

Nitasema na hili, kwa kuwa nyinyi ni wenzangu. Katika rasimu ya kwanza ya makala haya niliiruka habari ya ile sakafu. Niliona haya kumtaja mzee na kosa siku ya kumuaga. Nilipomsomea, alisikiliza hadi mwisho, akanirudishia karatasi. "Iandike, mama. Bila hiyo umemuaga mtu mwingine."

Basi nimeiandika. Baba yetu, asante kwa miaka thelathini na nne, kwa mizaha yako, na kwa mtu uliyemfundisha vizuri hata akaweza kukusahihisha. Mama nyumbani amesubiri muda mrefu ile safari ya kwenda kumwona binti yenu. Nendeni sasa, msiwe na haraka. Mungu akulindie magoti na macho, akupe usingizi mzuri na asubuhi zisizo na kengele. Tunakuombea uzee wenye raha, na mlango wetu hautafungwa kwako.