Sauti Iliyonyooshwa

Kwenye treni ya jioni ya kwenda Gongo la Mboto, Ansbert alikaa nyuma ya kijana aliyefungulia wimbo wa kwaya kwenye simu. Mama aliyekaa pembeni ya kijana akasikiliza ubeti mzima, kisha akasema taratibu, "Anayeongoza hapo ni mie."

Kijana akamtazama, akaitazama na simu. "Shikamoo, mama. Siyo kwa ubaya, ila huyu sauti yake na yako mbalimbali."

"Marahaba. Studio waliinyoosha kwa kompyuta. Mie nilikwaruza, wao wakaifanya iteleze. Nikamtumia wimbo mama yangu kule Tukuyu, akanipigia: 'Tupokigwe, huyo dada anajua kuimba, mfuate akufundishe.'"

Ansbert akageukia dirishani, maana kucheka maneno ya watu usiowajua si adabu.

"Sasa Jumapili tunazindua albamu," mama akaendelea, "na mama yangu anakuja kunisikia mie."

"Mbona rahisi. Wekeni ya studio, nyie mchezeshe midomo tu."

"Na umeme ukikatika?"

Kijana akafikiri. Ansbert, ambaye hakuulizwa, naye akafikiri.

"Basi mwambie una mafua."

"Nimeshamwambia. Kasema anakuja na tangawizi."

Treni ikasimama. Mama akajifunga vizuri kitenge, akaaga, akashuka huku anakohoa kidogo, kama anayejaribu koo. Kijana akaurudisha wimbo mwanzo na kuisogeza simu sikioni, kama anayemtafuta mtu humo ndani.