Kiguu na Njia na TV ya Kichogo

Wasikilizaji wapendwa, leo nimeanza kipindi nikiwa nimesimama. Mwenzangu aliye nyuma ya kioo ananionyesha kiti kwa kidole. Nimekiona, asante. Nikikaa nainuka, nikiinuka nakaa. Mkisikia sauti yangu inakuja na kuondoka, mnisamehe. Redio yenu ni nzima.

Tunamkumbuka fundi mitambo wa kituo hiki. Ametutoka wiki iliyopita. Hapa ndani tulimwita Kiguu na Njia. Kwa miaka mingi alikaa nyuma ya kioo hicho hicho. Nasema alikaa, lakini mama huyo hakukaa. Chai alikunywa wima. Mikutano alihudhuria mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Ukimwambia, "Dada, pumzika kidogo," anakuuliza, "Nani kakwambia nimechoka?" Na kabla hujajibu, ameshaondoka.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa kiume. Mama yao aliwaachia nyumba na televisheni. Ile ya zamani, wasikilizaji, TV ya kichogo. Nzito, na mgongo umetokeza nyuma. Shikeni hapo: mdogo mmoja, na TV ya kichogo.

Mdogo wake alinisimulia habari za utotoni mwao. Nawasomea kama alivyosema: "Tulikuwa na mashine ya gemu ya magari. Pedi mbili za kubonyeza, yake na yangu. Mimi nabonyeza, naruka, napiga kelele, gari langu hilo, gari langu hilo! Siku moja nikavuta waya wa pedi yangu. Ukaja wote. Kumbe haukuchomekwa popote! Mwisho wake ulikuwa umelala chini ya kochi. Dada alikuwa akishindana na mashine, mimi nabonyeza hewa. Nililia mpaka mama akaizima TV."

Mashine ile ilikufa zamani. TV ikabaki kwa mdogo wake, imefunikwa kitambaa, juu yake picha ya harusi.

Sasa, mwaka jana mdogo wake akaugua moyo. Daktari akasema apasuliwe, na asichelewe. Yeye akatia ngumu. Mtu mzima, baba wa watoto, anaogopa kisu. Dada akawa anakwenda kwake kila atokapo kazini. Hakai. Anaizunguka meza.

"Unakwenda lini hospitali?"

"Mwezi ujao, dada."

"Mwezi ujao ulishaniambia mwezi uliopita!"

Danadana hizo ziliendelea, na mgonjwa akipanda ngazi tatu anashika ukuta. Kiguu na Njia akija kazini macho mekundu. Mara anafungua kabati la nyaya, mara analifunga. Roho yake ilikuwa juu juu, na sisi sote tuliambukizwa.

Jioni moja mdogo wake alichoka kuulizwa. Akainyooshea kidole ile TV ya kichogo. Akasema, "Haya. Washa gemu yetu ya magari kwenye TV ya mama. Ukinishinda, nakwenda kupasuliwa. Nikikushinda mimi, usinitajie hospitali tena."

Alijua mashine imekufa. Aliona amemfunga mdomo. Jamani! Unamwambiaje fundi mitambo kwamba kitu hakiwezi kuwaka?

Kesho yake dada alirudi na pedi mbili na kompyuta ndogo, ndogo kweli, unaifumbata kiganjani. Watu huzijaza gemu za zamani. Ile gemu yao ya magari ilikuwamo. Shida ni kwamba kompyuta hiyo imezoea kuongea na TV za kisasa, zile bapa. Ya kichogo haina tundu lao. Ina matundu matatu ya duara: la njano la picha, jeupe na jekundu ya sauti. Akatafuta waya wenye vichwa vitatu vya rangi hizo hizo. Akachomeka kila rangi kwa rangi yake.

Giza. TV inanguruma tu.

Wifi yake, mke wa mgonjwa, anasema: "Alihamia sebuleni kwangu. Zulia limekunjwa, picha yangu ya harusi iko sakafuni. Wifi amelala kifudifudi nyuma ya TV, namwona miguu tu, na miguu yenyewe haitulii. Mume wangu anacheka huku anahema. Namwambia, wifi, nunua TV mpya tucheze hiyo hiyo. Akasema, hapana, mumeo alitaja TV ya mama. Nikimpa nafasi ya kukwepa, atakwepa."

Dada aliingia kwenye mipangilio ya kompyuta, akailazimisha itoe picha kwa njia ya zamani. Giza. Akabadilisha waya. Giza bado. Hapa kazini alikuwa anaongea peke yake kwenye korido. Siku moja tuko hewani, nasoma taarifa ya habari, nikaona amejipiga paji la uso nyuma ya kioo. Akachukua mkoba. Akatoka mbio na kuniachia mitambo!

Alichogundua ni hiki. Waya ule ulitengenezwa kwa ajili ya kamera. Rangi za nje zilikuwa sawa, lakini ndani njia zilipishana. Picha ilikuwa inatokea kwenye kichwa chekundu. Basi akachomeka nyekundu kwenye tundu la njano. Kosa ambalo angemgombezea mwanafunzi yeyote. TV ya mama ikapiga cheche ya mwanga, ikatetemeka, ikaleta magari.

Wifi yake anasema mgonjwa aliacha kucheka.

Wakashindana. Mdogo kwenye kochi. Dada, bila shaka, wima. Wifi anasema dada alikuwa anatokwa jasho hadi kidevuni, pedi inamteleza mikononi. Mdogo anabonyeza, anapiga kelele, gari langu hilo! Dada akashinda. Wakarudia. Dada akashinda tena. Akaiweka pedi chini, akasema, "Kapange nguo zako."

Akaenda. Mdogo wake akaenda kupasuliwa, wasikilizaji. Akapona. Leo anapanda ngazi akipiga mluzi.

Na wiki iliyopita, asubuhi, Kiguu na Njia alikuwa jikoni kwake, wima, kikombe cha chai mkononi. Akaanguka. Hakufika hospitali. Yeye, ambaye hatukuwahi kumhofia hata siku moja. Nimekasirika, nasema wazi. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Baada ya mazishi nilimkuta mdogo wake sebuleni, mbele ya ile TV. Alinyanyua ukingo wa kitambaa akanionyesha. Waya wa pedi yake ulikuwa umelala pale chini. Haujachomekwa popote.

Nikamwambia, "Kumbe alikuibia tena!"

Akasema: "Nilijua. Kona ya kwanza tu, nimekata kulia, gari limekwenda kushoto. Nikageuka nimgombeze. Nikamwona alivyokuwa anatetemeka. Dada yangu, anatetemeka. Basi nikaendelea kubonyeza. Nikapiga kelele vile vile kama zamani. Nilitaka kumwambia nikishapona, tucheke. Kila akija nasema nitamwambia kesho, maana yeye hakai, ameingia, ametoka. Sikumwambia."

Mkewe alitaka kuuchomeka ule waya, watoto wacheze. Akamkatalia. Akasema uachwe hivyo hivyo.

Kwako wewe mdogo wake, kwa wifi, na kwa watoto waliozoea kumwona shangazi akipita kama upepo: kituo hiki kizima kinalia pamoja nanyi. Mungu amlaze pema, na ikimpendeza, ampe huko kitu cha kutengeneza.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini na mimi. Yupo mtu aliyewahi kukufanyia hila ya mapenzi, ukaijua, ukanyamaza. Unasubiri siku atakapotulia umwambie. Wengine hawatulii. Mfuate huko huko anakokimbilia.

Mwenzangu, weka muziki. Ndiyo, najua muda bado. Weka tu, nina dada yangu wa kumpigia simu.