Kamba Mguuni, Chini ya Gari la Umeme

Benchi la kona yetu limeegemea ukuta wa nyumba ya Shangazi, hatua tatu kutoka getini. Geti likiwa wazi, wanaokaa pale wanaona uani mpaka kwenye nguo zilizoanikwa, na hawajifichi kwamba wanaona. Wenye benchi ni watatu. Kuna Kilomita, ambaye kila hadithi yake inaanza akiwa safarini na lori la mizigo. Kuna Redio, anayetengeneza redio ambazo wenyewe hawarudi kuzichukua. Na kuna Karani, mstaafu wa ofisi ya ardhi, ambaye hagusi kikombe kabla hajauliza nani ametoa ruhusa ya nini. Siku hiyo kahawa waliikuta imeshachemka na burudani iko uani: mimi nilikuwa chali chini ya gari la umeme la Mjomba, nikilifunga chuma cha kuvutia trela. Kutoka pale chini sikuona nyuso, niliona viatu. Sandali za mpira ni Kilomita, raba zisizo na kamba ni Redio, na vile vilivyong'arishwa mpaka vinanitazama ni Karani.

Shangazi ana mashine ya kusaga nafaka iliyofungwa juu ya trela. Pikapu ya kukodi, yenye dereva wake, iliyokuwa ikiivuta ilikufa injini, na kwenye ghala la ushirika, anakosagia, ameshakosa kufika mara mbili. Msimamizi wa ghala alimwambia kwa upole, na upole wake ndio uliotutisha: kesho saa moja asubuhi asipoiona mashine kwenye banda lao, nafasi anapewa msagaji mwingine. Mjomba alipohamishwa kikazi alituachia gari. Gereji walisema magari ya umeme hawayagusi. Basi chuma kikaja ndani ya boksi, na bolti nane na karatasi nne za maelekezo, nami nikazisoma zote mara tatu, pamoja na kitabu cha gari. Uzito wa trela letu unaruhusiwa.

— Mwanangu, toka huko, alisema Redio. Hilo halifunguliwi kama sufuria.

— Nimezima kila kitu, mzee. Na nyaya za umeme mkubwa zina rangi ya machungwa. Huku nyuma hakuna hata mmoja.

— Umeme hauna rangi, binti. Rangi ni ya wasiojua.

— Nani amempa ruhusa ya kuingia chini? Karani aliuliza.

— Mimi, alisema Shangazi. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari, anashikilia bampa lisidondoke. Gari la shemeji yangu, uani kwangu, mtoto wa kaka yangu. Unataka na muhuri?

— Sikatai, Mama Mashine. Lakini mtu akiingia mahali pa hatari, lazima pawe na utaratibu wa kumtoa.

Nilidhani ameishia hapo. Kumbe wamekubaliana kwa macho. Nikasikia kitu kinanizunguka kifundo cha mguu, na vidole vya Redio vikipiga fundo.

— Mnafanya nini?

— Kamba, alisema Redio. Ya katani, kavu kabisa. Umeme ukikushika, sisi tunavuta. Hatukugusi hata kidogo.

— Mimi nitashika mwisho, alisema Kilomita. Nina mkono wa lori.

Niliwaacha, maana kubishana nao kunachukua muda mrefu kuliko kufungua bolti. Nilitoa skrubu za ndani ya matao ya magurudumu, nikachomoa waya wa taa, kisha nikaanza kung'oa vibano vya plastiki kimoja kimoja. Cha mwisho kiligoma. Nilikisukuma kwa bisibisi, kikaruka, kikanipiga puani.

— Aah!

— Umemshika! Vuta!

Nilitoka chini ya gari kwa kasi ambayo sijawahi kutoka nayo mahali popote. Blauzi ilijikusanya mabegani, mchanga ukaingia shingoni, na nilipofika kwenye geti bado nilikuwa na bisibisi mkononi. Watatu walinizunguka wakihema.

— Anapumua, alisema Redio.

— Kimenipiga kibano cha plastiki!

— Ndivyo unavyoanza, Redio aliwaeleza wenzake kwa sauti ya chini. Kwanza plastiki.

Shangazi aliliweka bampa juu ya kanga chakavu, akaja, akaifungua ile kamba mguuni kwangu, akawakabidhi.

— Mwana wa kaka yangu si ndoo ya kisimani. Rudini kwenye benchi.

Walirudi. Lakini midomo haikurudi. Nilitoa ile boriti ya chuma iliyo nyuma ya bampa, nikakiinua chuma kipya kwa jeki mpaka matundu yakalingana, bolti nne huku, nne kule. Nilipokuwa nazikaza kwa ile spana yenye mshale wa kipimo, Redio alikuwa ameshapata wazo jipya.

— Sasa chuma kimegusa gari. Trela litagusa chuma. Mashine iko juu ya trela. Umeme si utapita moja kwa moja? Mtakuwa barabarani, mashine inawaka yenyewe, inasaga hewa.

— Itasaga watu, alisema Karani.

— Mashine inatumia dizeli, nilisema.

— Kwa sasa, alijibu Redio.

Hapo nikafanya kosa. Nilidhani nikiwapa jambo la kweli watatulia. Nikawaambia kwamba gari la umeme likiteremka mlima na dereva akaachia mafuta, ingawa mafuta yenyewe hayapo, magurudumu yanarudisha umeme kidogo kwenye betri.

Nikasikia Kilomita anaweka kikombe chini.

— Yaani linajichaji?

— Kidogo tu.

— Likiwa na mzigo?

— Mzigo unalisukuma, kwa hiyo linarudisha zaidi kidogo. Lakini...

— Jamani! Kilomita alisimama. Mashine nzito, mteremko mrefu. Unafika chini na umeme mwingi kuliko ulioondoka nao!

— Halafu unapandaje? aliuliza Shangazi.

— Hupandi. Unatafuta mteremko mwingine.

— Na ule umeme wa ziada, Redio alidakia, unauchomeka kwenye nyumba. Mtaa mzima unawaka. Mama Mashine, wewe huendi kusaga tena. Wewe ni kituo cha umeme.

— Kwa ruhusa ya nani? alisema Karani. Na tena mnasahau jambo. Hilo gari lina kompyuta. Kompyuta inajua liliuzwa kubeba familia. Siku litakapogundua limefanywa punda, litaandika barua kiwandani.

— Litaandika?

— Mimi nimekaa ofisini miaka thelathini na moja. Hakuna kitu chenye kumbukumbu kisichoandika barua. Na linaona! Lina kamera pale nyuma. Litaona trela, litagoma katikati ya barabara.

— Basi lisione, alisema Kilomita.

Mimi nilikuwa na msumeno mkononi, nakata nafasi ndogo chini ya bampa kwa kufuata mchoro wa karatasi, sikuangalia wanafanya nini. Nilipoinua kichwa, mlango wa nyuma wa gari, pale penye kamera, ulikuwa umevalishwa soksi. Kiatu kimoja kati ya vile vilivyong'arishwa kilikuwa na mguu mtupu ndani yake. Nikaivua soksi, nikampa Karani. Akaipokea kama mtu anayepokea faili lililokataliwa.

Kufika saa tisa bampa lilikuwa limerudi mahali pake. Tulilisukuma trela kwa mikono kutoka pembeni ya nyumba, Shangazi na mimi mbele, wazee watatu nyuma wakisukuma kwa maneno. Kikombe cha trela kilikaa juu ya kichwa cha chuma, nikashusha kabari, ikalia ta! Nikafunga minyororo miwili. Nikachomeka waya wa taa. Shangazi akaingia garini, akawasha taa ya kukata kushoto, na taa ya kushoto ya trela ikaanza kupepesa.

Shangazi alitoka, akapanda juu ya kile chuma, akarukaruka mara tatu kwa uzito wake wote. Hakikutikisika. Akanishika kichwa kwa mikono miwili yenye grisi, akaniachia alama masikioni.

— Kesho saa kumi na mbili kamili, alimwambia Kilomita. Usichelewe.

— Mimi na trela, Mama Mashine, ni kama mtu na kivuli chake, alisema Kilomita, akajimiminia kahawa ya dereva, ambayo ni ile ile ila kikombe kinajazwa zaidi.

Maana hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Shangazi ameliendesha gari la Mjomba mwezi mmoja, sokoni na kurudi. Trela hajawahi. Kilomita angeendesha.

Wakati huo alikuja mpangaji mpya wa nyumba ya mbele, mwanamke mwenye ndala za kijani, amebeba kikombe chake mwenyewe. Akaomba kahawa. Akalitazama gari, likiwa limeelekeza pua ukutani, na trela nyuma yake, na nguzo mbili za geti.

— Hongereni, alisema. Hapo litatoka kinyumenyume?

— Kinyumenyume, alisema Kilomita. Na kesho litaingia bandani kinyumenyume. Banda la ushirika ni jembamba, nguzo huku na nguzo huku.

— Basi nikuulize, kaka. Unarudi nyuma, unataka mkia wa trela uende kulia. Usukani unauzungushia wapi?

— Kulia, alisema Kilomita.

— Kushoto, alisema Redio.

— Unauacha katikati, alisema Karani. Trela lina magurudumu yake.

Walitazamana.

— Inategemea, alisema Kilomita.

— Inategemea nini?

— Barabara.

— Wewe unajua? Redio alimgeukia mgeni.

— Sijui. Nauliza kwa sababu ukuta unaotazamana na geti lenu ni wa chumba changu.

Shangazi alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa. Aliacha.

— Kilomita. Lori umeendesha miaka mingapi?

— Nimekaa ndani ya lori miaka tisa.

— Ulikaa upande gani?

— Wa dirisha.

— Madirisha ni mawili.

Kilomita alikitazama kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo.

— Lile la utingo, alisema.

Hakuna aliyecheka, hata Redio. Nilimwona Shangazi analitazama trela, kisha ile mashine tuliyoipaka rangi pamoja mwaka jana. Nilitamani ningekuwa najua. Karatasi zote nne zilieleza jinsi ya kufunga chuma, hakuna hata moja iliyosema kuhusu usukani.

— Saa ngapi sasa? Shangazi aliuliza.

— Tisa na nusu, nilisema.

— Jua lipo mpaka saa kumi na mbili. Mama, kakae chumba cha nyuma kwa leo, alimwambia mgeni. Nyinyi watatu, inukeni. Benchi lipo njiani.

Akaingia, akafunga mkanda. Gari la umeme halingurumi, kwa hiyo hakuna aliyejua limeanza kutembea mpaka trela lilipokunja kona kuelekea kwenye birika la kahawa. Waliinuka na benchi lao, wakiwa bado wamelishika huku na huku.

— Kulia! alipiga kelele Kilomita.

— Kushoto!

— Katikati, Mama Mashine, katikati!

Shangazi akapandisha kioo. Mimi nilisimama pale anaponiona kwenye kioo cha pembeni, nikawa namwonyesha kwa mkono tu nafasi iliyobaki. Mara ya kwanza tulisimama kidole kimoja kutoka kwenye nguzo. Mara ya nne trela lilijikunja kama kiwiko. Mara ya tisa lilipita katikati ya nguzo zote mbili bila kugusa. Alishuka, akapima kwa kiganja huku na huku, akarudi ndani, akavuta mbele kurudi uani, kuanza ya kumi.