Marehemu Léonie Doiron, Aliyekataa Kusaini

Marehemu Léonie Doiron alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 huko Caraquet, mtoto wa nne wa mzee Onésime Arsenault na mama Exilda, katika ukoo ambao mwaka 1755 askari wa Mfalme wa Uingereza waliuswaga merikebuni kama mifugo, jambo ambalo mzee Onésime alilisimulia kana kwamba lilitokea juzi.

Alisoma kwa masista wa Bathurst, kisha Chuo Kikuu cha Moncton, akahitimu mwaka 1965, akafundisha historia Shediac kwa miaka thelathini, na tarehe 8 Julai 1967 alifunga ndoa na seremala Émile Doiron, wakajaliwa Régis na Mireille, ambaye ndiye anayewasomea haya.

Mwaka 1998 aliteuliwa kuwa mwakilishi wa Malkia katika jimbo letu, na baba yake, mzee wa miaka tisini na moja, akamwambia, "Binti, hao walitufukuza, leo unakwenda kuwashikia nyumba?" naye akajibu, "Ndiyo baba, na Mwaka Mpya uje ule supu ya kuku humo humo," na mzee akaja, akala sahani mbili, akasema chumvi haitoshi.

Wengi walimwona pambo la kukata utepe, hata tarehe 21 Oktoba 1999, Waziri Mkuu wa jimbo, Gérard Thibodeau, mwanafunzi wake wa zamani, aliposhindwa kura ya imani bungeni kwa tofauti ya kura moja, miezi minne tu baada ya uchaguzi, akamletea karatasi ya kuvunja bunge, aisaini kwa niaba ya Malkia ili uchaguzi urudiwe.

"Mwalimu, wewe hujachaguliwa na mtu. Saini tu."

"Kweli sijachaguliwa, Gérard, lakini wale wamechaguliwa. Yupo mwingine wanayeweza kumuunga mkono?"

Gérard akamsogezea karatasi.

Mama alijua akikataa atatukanwa, na akikubali atakuwa amemruhusu kila kiongozi kuwarudisha wananchi kwenye masanduku mpaka wampe jibu analolitaka. Akakataa, akamwita kiongozi wa upinzani aunde serikali, magazeti yakamrarua, serikali mpya ikamaliza muhula wake, na Juni 2003 Gérard akashinda kihalali, akaapishwa na mwalimu yule yule. Leo Gérard amekaa hapa safu ya pili, na bado anadai alionewa.

Mama aligundulika na saratani ya kongosho Mei 2023, akafariki nyumbani Shediac tarehe 9 Februari 2024, akiwaacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari waliotuambia ukweli, majirani walioondoa theluji mlangoni bila kuombwa, na walimu wenzake waliokuja kubishana naye hadi wiki ya mwisho.

Pumzika salama, Mama: Jumatatu tunapiga kura, na mwakilishi wa Mfalme, maana Malkia naye alishatutoka, kama ulivyotufundisha, atanyamaza mpaka ahitajiwe.