Mwamba Uliowahi Kuchorwa: Miaka Thelathini na Mitatu ya Bi Lenzi katika Chumba cha Ramani

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mwenzetu tunayemwita Bi Lenzi anastaafu baada ya kuitumikia maktaba yetu kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Miezi hiyo minne ameniagiza nisiisahau, kwa kuwa ndiyo aliyoajiriwa kwayo hapo mwanzo: alikuja kushika nafasi ya mchapaji aliyekwenda likizo ya uzazi. Mchapaji akarudi, akajifungua tena, akahama. Hakuna aliyekumbuka kumwambia Bi Lenzi aondoke.

Alipelekwa chumba cha ramani kwa sababu moja tu: ndiko kulikokuwa na meza tupu. Kazi yake ilikuwa kuchapa kadi za orodha. Katika makabati ya droo pana mlikuwa na karatasi arobaini na moja za Wafaransa waliozunguka dunia kwa meli za matanga zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, wakipima kina cha bahari, wakichora pwani, samaki, ndege na nyuso za watu waliokutana nao. Hakuna aliyezigusa. Yeye alizigusa siku ya tatu, akataka kujua kwa nini bahari yote imejaa tarakimu na herufi ndogo. Akaambiwa kuwa tarakimu ni kina cha maji, na herufi hueleza kilicholala chini yake. Basi akajifunza Kifaransa kuanzia sakafu ya bahari kwenda juu. Alijua kusema tope, changarawe na mchanga mweupe miaka miwili kabla hajajua kusema habari za asubuhi. Mtafiti mmoja Mfaransa aliyetutembelea alisalimiwa naye kwa neno ambalo, tulikuja kugundua, maana yake ni matumbawe yaliyovunjika. Mgeni alicheka hadi akaomba kiti.

Jina la Lenzi alilipata kwa kile kioo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni mwake. Mumewe, fundi umeme, anasema nyumbani hukitumia hata kusomea tarehe kwenye kopo la maziwa.

Leo karatasi zetu ni mia sita na kumi na mbili. Amezifuata kwenye minada ya vyombo vya marehemu, kwenye maghala, chini ya magodoro. Siku moja alimkuta fundi wa fremu ameshaweka rula juu ya picha kubwa ya kasa, tayari kuikata vipande vinne vienee fremu zake. Bi Lenzi hakubishana. Alipanda mezani akaketi juu ya ile rula, na hakushuka mpaka mwenye picha alipopigiwa simu.

Lakini ninayotaka hasa kuyasimulia ni ya miaka kumi na moja iliyopita.

Tulikuwa tunaandaa maonyesho makubwa, na nyota yake ilikuwa ramani ya ghuba moja yenye umbo la sikio. Bi Lenzi ndiye aliyeipata na ndiye aliyeandika kwenye daftari letu kwamba ni toleo la kwanza, lililochapwa mara tu meli ile iliporudi kwao. Mabango yenye picha yake yalishabandikwa mitaani. Zikiwa zimebaki siku nne, alikuwa akisoma taarifa ya meli nyingine, iliyopita kwenye ghuba hiyo miaka arobaini baadaye. Nahodha wake analalamika kwamba wamegonga mwamba ambao hakuna aliyewahi kuuchora.

Akaenda kutazama ramani yetu. Mwamba ulikuwemo, alama ndogo ya msalaba mlangoni mwa ghuba.

Kwanza alicheka. Waliuchoraje mwamba wasioujua? Kisha akaacha kucheka. Ramani hizo zilichapwa kwa bamba la shaba, na bamba liliweza kutunzwa na kusahihishwa kwa miaka mingi. Kichwa na tarehe ya zamani vikabaki, na tarehe ya masahihisho ikaongezwa kwa maandishi madogo kwenye pambizo ya chini. Pambizo ya chini ya ramani yetu haikuwepo. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwamba imeliwa na unyevu. Alipoweka kioo aliona ukingo umenyooka: ulikatwa kwa wembe, ili tarehe ya masahihisho isionekane. Ramani yetu haikuwa toleo la kwanza.

Mwezi ule ule alikuwa afanyiwe usaili wa ukuu wa chumba. Mimi, niliyekaa meza ya pili, nilimwambia, na ninaona haya kuandika haya, "Nyamaza, dada. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," akasema, "na kila nikipita hapo nitauona."

Mkurugenzi alimsikiliza, akauliza nani mwingine anajua. "Sisi watatu," akajibu, "na nahodha aliyeugonga."

Mkurugenzi alifungua faili la maonyesho. "Mabango yameshatoka," akasema mwishowe. "Maelezo ya chini ya ramani bado. Kayaandike upya."

Aliyaandika. Yalianza kwa neno moja: Nilikosea. Watu walipanga foleni mbele ya ile ramani, wameinama, wakiutafuta mwamba. Ukuu wa chumba hakuupata mwaka ule, na aliungoja miaka mitatu zaidi bila kunung'unika mbele yetu.

Wiki ya pili ya maonyesho akaja mama mmoja mjane, akatazama sana, akamshika Bi Lenzi mkono. "Mwanangu, hii yenu ina mwamba. Ya marehemu mume wangu haina."

Kesho yake alileta karatasi iliyokunjwa kama mkeka. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na kwa kuwa karatasi ilikuwa nene, alichorea vielelezo vya kola mgongoni mwake. Pambizo zote nne zilikuwepo. Mwamba haukuwepo. Bi Lenzi aliketi sakafuni na sare yake, akalia bila kujificha. Mjane alitupatia kwa sharti moja, kwamba kola zisifutwe. Ndiyo maana orodha yetu inasema hivi: toleo la kwanza; nyuma yake, kola nne za shati, kwa penseli.

Nilimuuliza wiki hii ataanza na nini akistaafu. Kumbe mwanamke huyu hajawahi kuingia baharini zaidi ya magotini. Mjukuu wake amemwandikisha darasa la kuogelea, Jumatatu saa tatu asubuhi, pamoja na watoto wa miaka saba. Vazi la kuogelea amelinunua, la buluu, na amelijaribu mbele ya kioo mara mbili.

Dada yetu, asante kwa kutufundisha kuuliza. Tunakuombea afya, usingizi mnono na miaka mingi ya furaha. Nenda kaogelee.