Mzee Bartolomayo Anaagwa, Sauti Yake Inaombwa Ibaki

Mshikaji wangu, karibu, vuta kiti, soda inakuja. Leo ni Jumamosi, tarehe 26 Juni 1999, na tarehe thelathini mwezi huu Mzee Bartolomayo Ndahani anastaafu rasmi, baada ya miaka ishirini na sita ya kuimba na kupiga gita la solo katika Hoteli yetu ya Uwanda, hapa hapa Dodoma. Ishirini na sita! Kuna wapishi humu ndani walizaliwa wakamkuta anapiga, wakakua, wakaajiriwa, na bado anapiga.

Mzee alishuka mjini kutoka Kibakwe mwaka 1973 akiwa na begi moja na hana gita. Siku ya usaili akaulizwa anajua nini, akasema gita. Liko wapi? Akawajibu, "Nyie si ndio wenye kazi? Gita mtatoa nyie, mimi nimeleta vidole." Akapewa kazi palepale. Wakati huo hoteli ilikuwa mali ya umma na bendi ilikuwa na watu kumi: matarumbeta, magita matatu, besi, ngoma, manyanga, kila kitu. Jumamosi watu walitoka mpaka Manyoni kuja kucheza, na wengine walirudi Jumatatu wakidai wamekosa usafiri.

Miaka kumi baadaye akaingia Zuleha, mtoto wa mjini, wa familia ya wauza vitambaa ambao hawakufurahi hata kidogo binti yao kuimba hotelini. Mpaka leo wanakuja kumsikiliza wakijifanya wamefuata biriani. Zuleha na Mzee wakapatana kwenye sauti kama chai na tangawizi. Yeye anamwita Mzee "Kaka Bato". Sisi wengine tukijaribu kumwita hivyo tunaulizwa shikamoo yetu iko wapi.

Kisha ukaja ubinafsishaji, na mwaka 1994 hoteli ikapata mwenyewe. Mwenyewe akaleta meneja, Bwana Thobias, na Bwana Thobias akaleta mshauri wa ufanisi. Mshauri alikaa na bendi jioni moja, miguu imekunjwa, kalamu mkononi. Akamuuliza mpiga besi kazi yake hasa ni ipi, maana yeye hamsikii. Mpiga besi akamwambia, "Nikitoka ndio utanisikia." Mshauri akacheka sana, akampa mkono, akaandika kwamba atoke.

Hapo ndipo mzee wetu alipoingia kwenye sayansi na teknolojia. Jumapili moja bendi nzima iliitwa kurekodi nyimbo zote, muziki na viitikio, ila Mzee na Zuleha wakaambiwa wasiimbe, wapumzishe makoo. Walipouliza rekodi ni ya nini wakaambiwa ni ya kumbukumbu. Wakapiga kwa moyo mmoja, Methusela mpiga ngoma akavaa mpaka tai. Jumatatu asubuhi watu tisa wakapewa barua ya kupunguzwa kazi. Wao wakaenda nyumbani, kanda ikabaki kazini.

Tangu siku hiyo bendi yetu ni watu wawili na deki. Mzee na gita, Zuleha na manyanga, na wale tisa ndani ya spika. Hawali, hawaugui, hawaombi likizo ya msiba. Meneja aliwasifu kwenye mkutano wa wafanyakazi kuwa ndio watu wenye nidhamu kuliko wote hotelini, sisi tuige. Zuleha, kila jioni kabla hajabonyeza kitufe, huinama kwenye spika na kusema, "Shikamooni humo ndani."

Sasa usidhani kuimba na kanda ni mchezo. Kwanza, kanda haijui kuwa uongozi umebadilika. Kwenye ule wimbo wa kukaribisha wageni, kiitikio kinamsifu meneja wa zamani, Mzee Hassani, kwa jina kabisa, mara sita. Bwana Thobias aliposikia akaagiza jina lifutwe. Fundi akasema jina halifutiki bila kufuta na tarumbeta. Ikaamuliwa Zuleha apaze sauti na kutaja "Thobias" juu yake. Zuleha akapaza. Kwa miaka miwili wageni wakajua hoteli hii ina mameneja wawili wanaogombana.

Halafu kulikuwa na ile harusi ya Nzuguni. Unajua harusi za kwetu: shangazi hatunzi kwa kukimbia. Anainuka taratibu, anacheza, anazunguka, anarudi nyuma kidogo ili aonekane vizuri, ndipo anafika kwa bibi harusi na noti yake. Bendi ya watu inamwangalia shangazi na kurefusha wimbo mpaka afike. Kanda haimwangalii shangazi. Ilipofika dakika ya nne ikakata, kap! Mashangazi saba wamebaki katikati ya ukumbi, mguu mmoja juu, noti hewani. Mkubwa wao akaja juu: "We baba, rudisha wimbo, mimi sijatunza! Unataka waseme nimekula nikaondoka?" Mzee akaanza kurudisha kanda, na kurudisha kanda nako kunataka muda, na mashangazi wamegoma kushusha miguu wasije wakapoteza nafasi zao. Mwisho Mzee aliacha ile deki, akashika gita, akapiga peke yake, Zuleha akipiga makofi, mpaka shangazi wa mwisho akatunza na kurudi kukaa. Wenye harusi wanasema ndipo sherehe ilipochangamka.

Na umeme je? Umeme ukipungua, kanda inazubaa. Wale jamaa tisa wanaanza kuimba kama madume ya ng'ombe yanayopanda mlima, na Mzee inabidi awafuate huko huko chini na gita lake, uso mkavu, kama vile ndivyo wimbo ulivyotungwa. Umeme ukikatika kabisa, tisa wanatoweka, wawili wanabaki. Mzee hajawahi kusimama hata siku moja. Anaendelea gizani, watu wanacheza gizani, na umeme ukirudi kuna meza zinazomlaani waziwazi mtu aliyeurudisha.

Methusela siku hizi ni dalali wa mahindi pale Kibaigwa, na akija mjini lazima apite. Mara ya kwanza alizuiwa mlangoni alipe kiingilio. Akamwambia mlinzi, "Kijana, huyo anayepiga ngoma humo ndani ni mimi." Mlinzi akamjibu, "Basi mzee, kama uko ndani tayari, huku nje unatafuta nini?" Akalipa. Akakaa, akaagiza soda, akajisikiliza nyimbo tatu, akamwita Mzee Bartolomayo pembeni akilalamika kuwa mpiga ngoma huyu hakui, miaka yote anakosea palepale.

Lakini tuseme ukweli, jamani, Mzee amefanya kazi. Ameimba kwenye harusi za watu, kisha akaimba kwenye harusi za watoto wao, na hajawahi kumwambia mtoto jinsi baba yake alivyocheza vibaya. Wahudumu wengi humu amewafundisha kuimba viitikio wakati wa kuosha vyombo. Hajawahi kupanda jukwaani na shati lisilopigwa pasi. Na kwa miaka mitano amebeba watu tisa mgongoni, kwa sauti yake na ya Zuleha, mpaka mgeni anatoka hapa anasema bendi ya Uwanda bado ipo.

Ndiyo maana mwezi Mei Bwana Thobias aliwaita ofisini wote wawili, akafunga mlango (ofisi ile ina dirisha, na dirisha lina wafagiaji). Akasema, "Mzee wangu, unayestaafu ni wewe. Sauti haijafika umri." Akaomba Mzee aje siku moja kurekodi sauti na gita, nyimbo zote kumi na nne, aiachie hoteli. Zuleha ataendelea kuimba na kanda. Mzee asipokubali basi muziki umekwisha, litawekwa dishi na televisheni, na Zuleha atahamishiwa kwa dobi akakunje mashuka.

Mzee alitoka mle ndani amenyong'onyea. Wiki nzima hakutania mtu. Tukajua atakubali, atakubali tu kwa ajili ya Zuleha, maana aache vipi dada yake aende kukunja mashuka akiwa na sauti ile? Zuleha ndiye aliyemfuata jikoni, mbele yetu wote, hakuficha.

"Kaka Bato, wewe ukiingia mle kwenye spika, mimi nitakuwa naimba na marehemu wazima kumi. Na mwakani nitaitwa mimi. Watasema Zuleha, pumzisha mwili, tuachie sauti. Jukwaani atabaki nani? Deki na maua?"

"Na mashuka, Zuleha?"

"Mashuka nitakunja. Ila hata shuka likikunjwa na mtu linajua limekunjwa na mtu. Wewe usipoacha sauti, watataka muziki, watatafuta mpiga gita mwenye mwili. Wageni hawaji huku kuangalia televisheni, wanazo kwao."

Mzee akaenda kukataa. Kwa adabu, kofia mkononi, akakataa. Bwana Thobias hakugomba, tena alitabasamu. Akasema hakuna neno, siku ya kuagwa atuimbie tu, kama ilivyo desturi.

Sasa fungua ukurasa wa pili wa ratiba hii uliyoshika, soma kipengele cha saba. Desturi yetu mstaafu huimba wimbo mmoja, akilia kidogo ni hiari yake. Kipengele cha saba kinasema: "Mstaafu ataimba nyimbo kumi na nne, kila wimbo mara mbili." Chini yake: "Wageni mnaombwa utulivu kamili. Msipige makofi, vigelegele wala vijiko wakati taa nyekundu inawaka." Wageni wa Dodoma! Utulivu kamili! Hata kanisani hatuna utulivu huo. Na ukiinua macho utaona maikrofoni mbili zimening'inizwa juu ya meza zetu, na waya unaokwenda moja kwa moja kwenye deki mpya. Tulipouliza ni za nini tukaambiwa ni za kumbukumbu.

Mzee anajua. Alipoonyeshwa ratiba aliisoma mara moja, akaikunja, akasema, "Ndugu zangu wanakuja na lori kutoka Kibakwe. Nitawaambia nini, kwamba sitawaimbia? Mimi nitaimba. Sijawahi kumnyima mgeni wimbo." Zuleha naye ameshaonyeshwa chumba cha dobi, na amesema ni kikavu na kina hewa.

Mzee Bartolomayo, asante. Asante kwa jioni zote ulizozifanya zionekane fupi, na kwa kutubakizia sauti zetu palipokosekana umeme. Nenda Kibakwe ukapate mvua nzuri, magoti yasikusumbue, na wajukuu wakuombe wimbo mpaka ukasirike. Maisha yako ya mbele yawe mema kuliko haya uliyotupa sisi.

Na wewe, mshikaji wangu. Fundi anasema maikrofoni hizi zinanasa kila kitu, hata mtu akijikuna, na zikinasa kelele moja tu, wimbo haufai kwa kanda. Umekaa chini yake. Una glasi, una kijiko, mezani kwako wapo mama watatu wa Kibakwe ambao tangu waingie wanakohoa kutayarisha koo. Mzee anapanda, Zuleha kashika manyanga, taa nyekundu hiyo inawaka. Utafanya nini?